Kifaru cha Kumi

Vifaru vyangu vyote vinakaa kwenye sinia moja la bati, lile tulilokuwa tukichambulia mchele, na nafasi inabaki. Kimoja kina urefu wa punje ya korosho iliyobanguliwa. Hilo si neno la kupamba, kwa sababu mgeni mmoja wa mume wangu aliwahi kunyoosha mkono huku akisimulia habari za mpira, akachukua kifaru badala ya korosho na kukitia mdomoni. Mtutu ulimchoma ulimi, akakitema. Sikumwomba radhi. Nilimwambia anipe nikakikaushe.

Bodi naikata kwenye ile plastiki inayobaki ukishachomoa laini mpya ya simu. Kadi mbili zinatosha kifaru kimoja, ukizibandika tabaka juu ya tabaka kwa supaglu. Minyororo ni uzi mweusi wa cherehani uliofungwa mafundo yaliyokaribiana. Magurudumu yanatoka kwenye karatasi ngumu ya vidonge, na mtutu wa mzinga ni kipande cha sindano nyembamba, ile wanayojidungia watu wenye kisukari. Kichwa, kile cha mviringo kinachobeba mzinga, ni nusu ya mbaazi kavu. Nilijaribu plastiki, nikajaribu nta ya mshumaa na udongo, lakini hakuna kilichokuwa na mgongo sawasawa kama mbaazi. Unaipasua, unaisugua kwa msasa, unaichovya kwenye supaglu ili fukusi wasiile, kisha unaipaka rangi ya kucha uliyoichanganya mpaka ikawa kijani cha jeshi. Chini naweka pini fupi inayoingia kwenye tundu la bodi. Vichwa vyangu vyote vinazunguka, na ukivivuta vinatoka. Hakuna aliyeniomba vizunguke. Ni kiburi changu tu.

Baba yangu alikuwa dereva wa kifaru. Alikwenda nacho vita vya Kagera akarudi nacho, na mimi nikakulia makambini, ndiyo maana hata leo wanasema Kiswahili changu ni cha gwaride. Alipostaafu alihamia kijiji cha Ziwani, akalima mihogo na korosho, akawa mtu mkimya. Nilipompelekea kifaru cha kwanza nilitegemea atafurahi. Alikiweka kiganjani, akakisogeza karibu na uso, akakaa nacho mpaka chai yangu ikapoa.

“Gurudumu la kwanza na la pili mbona yamebanana?” akauliza.

Nilikuwa nimeyapanga yote matano kwa nafasi sawa, nikijiona fundi. Baba akainama, akachora kwa kidole mchangani: moja, mwanya, halafu manne yaliyofuatana. Nikarudi kwangu mjini, Rahaleo, nikakibomoa kifaru kizima kwa hasira, nikaanza upya.

Tangu hapo tulikuwa na kazi yetu wawili. Kombania yao ilikuwa na vifaru kumi, na baba alinipa kimoja kimoja, si kwa majina ya watu bali kwa tabia zao. Kifaru cha kwanza kilikuwa cha yule aliyekuwa akiimba hata injini ikiwa imewaka. Cha pili cha yule aliyetia sukari kwenye ugali. Cha tatu kilikuwa cha rafiki yake, na huyo hakurudi. Nilipokuwa nikikitengeneza hicho cha tatu, mbaazi niliyoichagua ilikuwa na kitundu cha fukusi ubavuni ambacho sikukiona mpaka nimeshapaka rangi. Nilimwambia baba nitabadilisha. Alipitisha ncha ya kidole pale penye kitundu, mara mbili, tatu.

“Acha hivyo hivyo,” akasema.

Nilipofika cha nne aliuliza chake kiko wapi. Nikamwambia chake nitakifanya mwisho, mkono ukishakomaa, kwa sababu nataka kiwe kizuri kuliko vyote. Akasema sawa, yeye hana haraka. Alifariki nikiwa nimemaliza cha tano. Tulimzika Ziwani, na siku ile ile niliporudi nyumbani niliosha mikono nikakaa mezani, nikaanza cha sita. Sikuwa na kitu kingine ambacho ningeweza kumfanyia.

Macho yalianza kunisumbua kwenye hicho cha sita, na sasa najua kosa langu lilikuwa wapi. Mtu anayefanya kazi ndogo namna hii anaishi katikati ya jicho lake. Kila nikitoka kazini, masijala, nilikuwa nakaa mezani karibu na dirisha, na kuanzia hapo dunia yangu ilikuwa na upana wa kisahani. Nilichokitazama nilikiona vizuri. Kilipoanza kufifia nilijiambia ni umri, nikaenda kuongeza namba ya miwani. Pembeni sikuwahi kupachunguza. Nani anatazama pembeni huku anafunga fundo la ishirini kwenye uzi mmoja?

Miwani niliinunua Mikindani, kwa mzee mmoja Mhindi mwenye duka lililofunguliwa na babu yake. Anauza nyuzi, vifungo, kalamu, betri za saa, na miwani ya kusomea iliyopangwa kwenye kadi kwa namba. Zamani alikuwa fundi saa. Aliponiona mara ya kwanza nikipekua sindano zake huku nikinung’unika, aliuliza ni za kazi gani. Nikamwonyesha kifaru nilichokuwa nacho kwenye kopo la vidonge. Alivaa lenzi yake ya fundi saa, ile ya kubana jichoni, akakizungusha kichwa cha kifaru kwa ncha ya kalamu, akacheka peke yake. Kisha akaivua lenzi akanipa.

“Chukua, mama. Mimi saa hazinijii tena.”

Kila nilipokwenda aliniuliza, “Namba ngapi leo?” Nilianza na moja na nusu, nikaenda mbili, nikaenda mbili na nusu.

“Macho yako yanakwenda mbio kuliko vifaru vyako,” akanitania siku niliyotaka namba tatu.

“Vifaru vyangu vina breki, mzee,” nikamjibu, tukacheka wote.

Sasa, Rahaleo watu wanasalimiana. Unapita, unasalimia, ukirudi na sukari yako kutoka dukani, unawasalimia tena walewale. Jirani yangu wa mkono wa kushoto alikuwa bibi mmoja aliyependa kukaa barazani kwake tangu asubuhi, na mimi tangu nihamie sikuwahi kumpita bila shikamoo. Aliitikia marahaba yake ndefu, akaniuliza kama nimekula. Ilikuwa hivyo kila siku kwa miaka.

Siku moja mume wangu, ambaye ana kazi ya kupima korosho ghalani na husikia habari zote za mji kabla yangu, alirudi akakaa kitandani kuvua viatu.

“Bibie, mtaa unasema unaringa.”

“Mtaa gani?”

“Huu wetu. Unawapita watu kama miti. Hata bibi hapo umempita leo asubuhi.”

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mtaa hauna kazi, na kwamba nawasalimia watu wote ninaowaona. Lilikuwa jibu la hasira, na lilikuwa la kweli kabisa. Niliwasalimia wote niliowaona.

Mambo mengine yalikuwepo nami sikuyaunganisha. Niligonga bega kwenye miimo ya milango ya nyumba niliyokaa miaka kumi na moja. Nilipiga teke ndoo za maji. Nilimimina chai pembeni ya kikombe mbele ya wageni. Mume wangu alisema nimekuwa na papara, nami nikasema ni kweli, nina papara kwa sababu kila mtu ananisumbua na bado nina vifaru vinne. Nilikuwa na maelezo ya kila kitu.

Bibi alifariki Ramadhani iliyofuata. Nilikwenda msibani, nikakaa mkekani na wanawake wenzangu. Binti yake mkubwa alinisogelea, akanishika mkono kwa upole.

“Mama alikuwa akituuliza amekukosea nini,” akaniambia.

Nikasema hajanikosea kitu, bibi yule, angenikosea nini? Niliona wamenisingizia, nikarudi nyumbani nimenuna. Nilifunga mafundo mpaka kiza kikaingia, na kazi ya siku ile ilikuwa mbaya, nikailaumu taa.

Nilimaliza cha tisa. Nikapanga vyote kwenye sinia, juu ya mchanga tuliouchota mdomoni mwa Ruvuma Jumapili moja tuliyokwenda kutazama viboko tusiwaone. Palibaki nafasi ya mbele, ya baba. Nikaenda Mikindani kuchukua miwani namba tatu na nusu, maana cha kumi nilitaka kukianza kwa macho mapya.

Mzee alinyoosha mkono kunisalimia kutoka kwenye pembe ya meza. Mimi niliendelea kutazama kadi ya miwani. Sijui mkono wake ulikaa hewani muda gani. Aliniambia baadaye kwamba ulikaa mpaka mteja mwingine akaona aibu badala yake. Akatoka nyuma ya meza, akaja akasimama begani kwangu.

“Mama, tazama ile saa ukutani. Usigeuke. Nimeshika nini?”

“Umeshika wapi?”

“Hapa.”

“Hapa wapi, mzee? Sema basi.”

Alikuwa akisogeza mkono polepole kuelekea mbele. Nilikuwa nimeanza kukasirika kwa kuchezewa dukani mbele za watu, ndipo kibiringo cha uzi mwekundu kilipotokea ghafla, karibu na pua yangu, kama kimetoka hewani. Niliruka. Mzee akarudisha mkono nyuma na kibiringo kikapotea. Akausogeza tena, kikatokea palepale.

“Miwani sikuuzii leo,” akasema.

“Una duka la kufukuza wateja?”

“Kaka yangu alianza hivi hivi. Nenda hospitali, mama. Nenda kesho asubuhi.” Kisha akasema kwa sauti ndogo, akiipanga upya kadi ya miwani ambayo haikuwa imeharibika, “Mimi nilikuwa nakuuzia tu.”

Hospitali waliniweka kidevu kwenye mashine, wakaniziba jicho moja, wakanipa kitufe. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole. Akaniambia nitazame katikati, na kila nikiona nukta ya mwanga nibonyeze. Nikabonyeza mara nne, tano, halafu nukta zikaisha. Nikasubiri. Mimi na kusubiri hatupatani.

“Daktari, mashine yenu imezima.”

“Haijazima, mama. Endelea kutazama katikati.”

Nikaendelea. Niliisikia ikitoa sauti ndogo ndogo ndani, kazi yake inaendelea, na mbele yangu hakuna kitu.

“Inatoa mwanga hata sasa hivi?”

“Ndiyo, mama.”

Sikubishana tena. Nilikaa pale na kitufe mkononi mpaka akaniambia imetosha.

Ni presha ya macho. Alinieleza polepole kwamba mshipa wa nyuma ya jicho unakufa kuanzia pembeni kuja katikati, bila maumivu, na mtu haoni kiza, anaacha tu kuona. Nuru iliyokwenda hairudi. Matone ya dawa yanaweza kuichelewesha iliyobaki, na iliyobaki kwangu ni kidogo, macho yote mawili. Aliuliza kama kweli sikuona dalili yoyote.

“Watu waliniambia naringa,” nikasema.

Alidhani natania, akatabasamu kwa heshima.

Mume wangu ndiye anayenitia matone, kwa sababu mimi mwenyewe nalikosa jicho. Pia ndiye aliyeutangazia mtaa. Wakaja na pole zao, na tangu siku hiyo kila anayepita anapaza sauti: “Mama, ni mimi, napita!” Wanapaza kama vile masikio nayo yamekwenda. Wanasema masikini, kumbe alikuwa haoni. Mwanzo nilikuwa mwenye dharau, sasa nimekuwa mgonjwa, na nikiulizwa nilipenda lipi nitasema la kwanza. Binti wa bibi alikuja akalia. Nikamwambia asilie. Nilichokuwa nacho cha kusema kilikuwa cha bibi, na bibi nilishamkosa, akiwa barazani kwake hatua tatu kutoka kwangu.

Nikakianza cha kumi kwa sababu sikuwa na namna nyingine. Kilichobaki katikati ya macho yangu kilikuwa tundu la upana wa sarafu. Nikivaa lenzi ya mzee naliona gurudumu moja. Nikitafuta la pili, la kwanza limepotea. Vifaru vingine vilinichukua wiki sita kila kimoja. Bodi ya hiki peke yake ilimaliza masika yote, na vidole vyangu vilijaa alama za wembe. Mwanya kati ya gurudumu la kwanza na la pili niliupima kwa ukucha. Nilijua kwamba ni kibaya. Kimepinda, supaglu imefura ubavuni, minyororo imelegea. Kile nilichokiahirisha ili kiwe kizuri kuliko vyote ndicho kibaya kuliko vyote, na hakuna wa kumlaumu ila mimi niliyedhani mkono unakomaa huku jicho linangoja.

Kilibaki kichwa. Nilichagua mbaazi siku mbili, nikiziviringisha kwa vidole mpaka nikapata isiyo na kasoro. Nikaipasua, nikaisugua, nikaichovya, nikaipaka. Mume wangu alinishikia sindano nilipokuwa naipachika kama mtutu, naye hakupumua mpaka nilipomwambia apumue. Kesho yake alasiri, akiwa kazini, nilikishika kichwa kwa kibano ili nikiweke kwenye tundu lake. Kikateleza. Nilikisikia kikigusa sakafu mara moja, upande wa kushoto, upande ambao kwangu haupo.

Nikapiga magoti. Nikaipapasa sakafu kwa viganja, kigae kwa kigae, nikapata kifungo, punje za mchele, ganda la korosho. Mume wangu aliporudi alinikuta chini ya meza.

“Umeangusha nini, bibie?”

“Kichwa cha baba.”

Hakucheka. Akavua shati akaingia chini ya meza. Tulitafuta mpaka adhana ya magharibi, watu wazima wawili, matako juu. Nilimsikia akihema kwa kifua chake kile cha vumbi la ghalani, nikamwambia basi. Akasema kesho patakuwa na mwanga. Kwangu mwanga wa kesho ungekuwa mdogo kuliko wa leo, lakini nikamkubalia.

Asubuhi nilikwenda hospitali kuchukua matone, jirani mmoja akanishika mkono njia nzima kama mtoto wa chekechea. Niliporudi mume wangu alikuwa amesimama sebuleni. Hakuwa amekwenda kazini.

“Nimekipata,” akasema. “Kilikuwa nyuma ya mguu wa kabati.”

Akanifungua kiganja, akanipa kifaru cha baba. Kilikuwa na kichwa chake na mtutu wake. Nilikizungusha kichwa kwa kidole gumba, kikazunguka vizuri, na furaha iliyonipanda sikuwa nimeijua tangu baba afe. Nikaendelea kukizungusha. Kidole kikafika ubavuni, kikakuta kitundu cha fukusi.

Baba alipitisha kidole pale pale, mara mbili, tatu.

Nikasema nataka kukiweka mahali pake. Nikalisogelea sinia, nikakiweka mbele ya vyote, kisha kama mtu anayevihesabu nikavigusa vingine kimoja kimoja. Cha kwanza kizima. Cha pili kizima. Cha tatu, cha rafiki yake, kilikuwa kimevaa nusu ya mbaazi ya jikoni, na ganda lake, bila msasa, bila rangi. Badala ya mtutu amechomeka kijiti cha meno alichokichonga. Amekigandisha kwa supaglu yangu, nyingi mno, hakizunguki. Mpima korosho huyu, mwenye vidole vinene kama mihogo, alikaa asubuhi nzima anapasua mbaazi. Kichwa halisi cha baba kipo mahali fulani katika nyumba hii, au kilishafagiliwa nje.

“Vyote kumi?” akauliza nyuma yangu. Alikuwa amesimama nisipoweza kumwona uso.

“Vyote kumi.”

“Na kinazunguka?”

“Kinazunguka,” nikasema. “Ahsante.”

Nikamsikia akishusha pumzi, akaenda jikoni kuweka chai.

Hakujua kwamba mbaazi isiyochovywa huingiwa na fukusi haraka. Wiki hii nimekigusa cha tatu, na kidole kimerudi na unga.